Kamati ya Mapazia

Saa mbili kasorobo asubuhi, ukumbi wa chini wa jengo la shirika hujaa pomoni. Lifti ni tatu, moja mbovu tangu mwaka juzi, na watu wa ghorofa tisa wote wanataka kufika kazini kwa wakati mmoja. Jumatatu hiyo lifti ilifunguka, watu wakamiminika ndani, na mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani, mkono mmoja projekta, mkono wa pili rundo la faili, akakuta nafasi yake imekaliwa na boksi.

Lilikuwa boksi kubwa la kahawia. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, miwani imeteleza mpaka katikati ya pua.

"Kaka, hilo boksi nalo linawahi kikao?" mwanamke aliuliza.

"Lina kazi nyingi kuliko watu wengi humu ndani," mwanamume akajibu.

Watu wa lifti wakacheka. Mwanamke hakucheka.

"Basi kama lina nguvu hivyo, lipande ngazi."

"Dada yangu, hii ni seva. Ikitikisika imekwisha."

"Na mimi nikitikisika, je?"

"Wewe unaonekana imara."

Mlango ukafungwa kabla hajampa vidonge vyake. Akapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba kwa viatu vya visigino, na kila ghorofa aliongeza tusi moja kichwani. Kufika ya tano alikuwa amemchukia mtu asiyemjua kwa kiwango ambacho wengine hukifikia baada ya ndoa ya miaka kumi. Wapo wanaosema chuki ya namna hiyo ni mapenzi yaliyovaa koti. Mimi sisemi hivyo. Chuki ilikuwa chuki, na haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kazini walimwita Bi Ratiba. Shirika lilikuwa na vyumba vya mikutano ishirini na vitatu, na kila aliyetaka kukaa kwenye meza ndefu na kusema maneno marefu alipaswa kupitia kwake. Yeye ndiye aliyeitunza kalenda ya shirika: nani anakutana na nani, wapi, saa ngapi, na gari gani litampeleka. Kalenda hiyo iliishi ndani ya seva yenye umri wa miaka kumi na moja, na seva hiyo sasa ilikuwa inazeeka vibaya. Ikinuna, idara mbili hujikuta zimepewa chumba kimoja, na watu wazima wenye shahada hugombania viti.

Saa nne aliitwa kwa Mkurugenzi. Boksi lilikuwa juu ya zulia. Mwanamume wa shati la buluu alikuwa ameketi kando yake.

"Huyu ni fundi wetu," Mkurugenzi alisema. "Anatupandishia mfumo wa kalenda na mawasiliano kwenda toleo jipya. Wiki sita. Utampa kila anachohitaji."

"Tumeshakutana," Bi Ratiba alisema.

"Vizuri! Basi mmeshazoeana."

Walipotoka kwenye korido, Fundi alisafisha miwani kwa ncha ya shati. "Nitahitaji orodha ya vikao vyote vinavyojirudia."

"Viko elfu moja mia moja na arobaini. Unavitaka kwa rangi gani?"

"Kwa ukweli tu. Toleo jipya halina mchezo. Kikao kisicho na mwenyekiti au wajumbe waliothibitisha, linakitema."

Bi Ratiba alisimama ghafla. "Linakitema vipi?"

"Linakikataa. Hakihami."

"Sikiliza wewe. Kikao changu hata kimoja kikipotea, nitakutafuna mzima mzima."

"Kwa chumvi au bila?"

"Bila. Chumvi ni ya watu wenye maana."

Fundi alidhani ni ukali wa mtu anayeipenda kazi yake kupita kiasi. Hakujua, na asingeweza kujua, habari za Kamati ya Mapazia.

Kamati hiyo ilikutana kila siku ya kazi, saa saba mchana hadi saa nane, Chumba cha Nne, ghorofa ya pili. Mwenyekiti wake kwenye kalenda alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Haikuwa na ajenda wala muhtasari, na kwa miaka minne haikuwahi kuahirisha kikao. Bi Ratiba aliizua wiki yake ya kwanza kazini hapa, mtoto wake akiwa bado ananyonya. Aliomba chumba cha kukamulia maziwa, akajibiwa kwa barua kwamba vyumba vyote vimejaa vikao. Akafikiri kidogo, akafungua kalenda, akaandika kikao. Chumba cha Nne ndicho pekee chenye mapazia, kwa hiyo jina lilikuja lenyewe. Alimpa uenyekiti Mkurugenzi, maana hakuna mtu katika jengo lile ambaye angethubutu kuuliza kwa nini Mkurugenzi anahitaji chumba.

Tangu hapo wanawake walipita mle kwa zamu, kila mmoja na chupa zake na mashine yake ndogo. Mwanawe Bi Ratiba alikuwa ameshaacha kunyonya zamani, sasa anajibizana na bibi yake, lakini kamati iliendelea. Mwaka huu walikuwa watano, na kiongozi wao alikuwa mhasibu mmoja mcheshi aliyeitwa Mama Pacha. Chumba kikifungwa, watarudi kukamua chooni, wamesimama, huku watu wanagonga mlango. Ndiyo sababu Bi Ratiba aliilinda kalenda ile kwa meno.

Wiki ya kwanza walizungumza kwa simu ya ofisini tu, na kila simu ilikuwa ugomvi.

"Huduma ya vyumba."

"Ni mimi. Kuna kikao kinaitwa Tathmini ya Tathmini. Ni makosa?"

"Hapana. Hiyo ni idara ya mipango. Ndiyo kazi yao."

"Na hiki cha Kikosi Kazi cha Kupunguza Vikao, mbona kinakutana mara tatu kwa wiki?"

Fundi akamsikia anacheka, kicheko cha mtu aliyejaribu kukizuia kikamponyoka puani.

"Umecheka," Fundi alisema.

"Nimekohoa."

Wiki ya pili Bi Ratiba alimletea kiti chenye mgongo mzuri kwenye chumba cha seva, akakisukuma ndani kwa mguu. "Nimechoka kukusikia unalalamika mgongo. Usiniambie asante." Wiki ya tatu wakala chakula cha mchana meza moja, kwa sababu nyingine zilijaa, kisha siku ya pili yake meza moja tena ilhali nyingine zilikuwa tupu. Fundi alikuwa mtu wa kuona kitu kibovu akakitengeneza. Alimkazia skrubu ya kiti na kumfutia picha zilizojaza simu. Siku moja alimwinamia kufunga kishikizo cha mkufu uliofunguka, vidole vikagusa shingo, na wote wawili wakasahau walichokuwa wanabishania.

Jioni wakitoka alimsindikiza hadi kituoni. Huko, wakiwa wamesimama katikati ya watu na honi, Bi Ratiba alimweleza kwa nini aliachana na baba wa mtoto.

"Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi, kazi yangu ya zamani. Akaona nachoka. Akaniandikia barua ya kuacha kazi, akanisainia yeye mwenyewe, akaipeleka. Alirudi na maua. Ananiambia, nimekutua mzigo."

"Bila kukuuliza?"

"Alitaka kunifurahisha."

"Mimi siwezi kufanya kitu kama hicho."

"Wanaume wote hawawezi, mpaka siku wamefanya."

"Si mimi, mpenzi."

"Mpenzi ni nani hapa? Mimi ni mfanyakazi mwenzako." Akapanda basi bila kugeuka.

Kesho yake asubuhi simu ya chumba cha seva ililia. "Mpenzi wako anauliza kama umekunywa chai," sauti ilisema, na kabla hajajibu ikakata.

Walipendana hivyo, kwa vijembe. Alimwita Bwana Seva, naye akamwita Malkia wa Vyumba, na Mama Pacha alipowaona koridoni alikuwa akiguna tu na kupita. Bi Ratiba alitaka kumweleza habari za kamati. Mara mbili alifungua mdomo. Lakini siri haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya wanawake watano, na Fundi alikuwa analipwa na Mkurugenzi. Akaona atangoja zoezi la majaribio, halafu atakaa naye wapange.

Zoezi la majaribio likafanyika Jumatatu ya wiki ya tano, siku ambayo Bi Ratiba alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki.

Vikao vyote vilisukumwa kwenye seva mpya. Kumi na saba vikatemwa. Fundi aliisoma orodha: vikao vya wazee waliostaafu, kikao cha mtu aliyehamia nchi nyingine, na cha kumi na moja, Kamati ya Mapazia. Kimeandaliwa na Bi Ratiba. Mwenyekiti hajathibitisha, wajumbe hakuna.

Akachukua simu ampigie. Akakumbuka yuko kliniki na mtoto, akaona vibaya kumsumbua. Akakumbuka pia kwamba aliahidiwa kutafunwa. Moyoni akajisikia vizuri sana, na hapo ndipo mtu anapotakiwa kuogopa. Akakaa saa tatu nzima akavirekebisha vyote kumi na saba kwa mkono. Kila palipokosekana uthibitisho, akathibitisha yeye kwa niaba ya mwenyekiti. Akawasha na vikumbusho kwenye simu za wenyeviti, ambavyo seva kuukuu haikuwa navyo, ili asiwepo mtu wa kulalamika kwamba mfumo mpya haukumbushi. Akaondoka anapiga mluzi. Alimwandikia ujumbe mmoja: "Vyako vyote viko salama, Malkia. Hata kimoja hakijapotea." Bi Ratiba aliusoma akiwa na mtoto anayelia mapajani, akatabasamu, akalala kwa amani.

Jumanne, saa saba kasoro robo mchana, simu ya Mkurugenzi ikalia. Kwenye kioo pakaandikwa: Baada ya dakika kumi na tano, Kamati ya Mapazia, Chumba cha Nne. Mwenyekiti: wewe. Umethibitisha kuhudhuria.

Mkurugenzi hakuwahi kusikia habari za kamati hiyo. Lakini alikuwa mtu ambaye angekubali kung'olewa jino kuliko kukiri kwamba kuna jambo halijui. Akavaa koti, akachukua daftari, akashuka ghorofa ya pili.

Ndani ya Chumba cha Nne walikuwamo wanne. Wa tano alikuwa amechelewa, kwa hiyo mlango ulipogongwa mmoja wao akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akafungua komeo, akarudi kwenye kiti chake.

"Samahani kwa kuchelewa," Mkurugenzi alisema akiingia, macho kwenye daftari. "Tuanze na yatokanayo."

Kisha akainua uso.

Walikuwa wamekaa kuizunguka meza, blauzi wazi, mashine zinavuma. Mama Pacha alikuwa na mashine mbili, moja kila upande. Hakuna aliyepiga kelele. Hatimaye Mama Pacha, ambaye alilelewa na watu wenye adabu, akasema, "Karibu, mwenyekiti."

Mkurugenzi alitoka kinyumenyume, akagonga kiti, akaangusha daftari, wala hakurudi kuliokota.

Saa tisa alasiri Chumba cha Nne kilitiwa kufuli jipya, na Bi Ratiba akawekewa bahasha mezani. Alitakiwa ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kulitumia jina la Mkurugenzi kwa hila kwa muda wa miaka minne. Kikao cha nidhamu kilikuwa Ijumaa.

Alipanda ghorofa ya saba. Safari hii hakuhesabu matusi. Chumba cha seva kilikuwa baridi kama friji, na Fundi alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha mgongo mzuri.

"Umefanya nini kwenye kalenda yangu?"

Akasimama, uso umenywea. Habari zilikuwa zimeshafika hadi juu. "Kilitemwa. Nilikirekebisha. Sikujua—"

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa kliniki."

"Kliniki kuna simu! Mkononi nilikuwa na simu! Ulipata nafasi ya kuniandikia eti Malkia, ukakosa nafasi ya kuuliza neno moja?"

"Uliniambia kisipotee hata kimoja. Nilitaka kukufurahisha."

Alipolisikia neno hilo, Bi Ratiba aliacha kufoka. Akazungumza taratibu, na Fundi akatamani afoke.

"Wewe na yule mmetoka tumbo moja. Yeye alinisainia barua, wewe umemsainia mwenyekiti. Mkono mmoja, moyo ule ule mzuri mzuri. Sasa wanawake watano watakamua chooni, na mimi nitarudi nyumbani kwa mama yangu bila kazi, na mtoto wa kulisha. Umefurahi?"

"Mpenzi wangu—"

"Koma."

Bi Ratiba akaifungia namba yake. Jumatano Fundi alipiga simu ya ofisini mara nane.

"Huduma ya vyumba, nikusaidie nini?"

"Ni mimi."

"Chumba cha watu wangapi?"

"Nisikilize dakika moja tu, nakuomba."

"Hicho hatuna. Kuna kingine?"

"Nimekosa."

"Na hicho kimejaa. Siku njema." Akakata.

Nyumbani mama yake alimuuliza kulikoni. Akamsimulia yote, tangu boksi mpaka bahasha, na hakumbakizia Fundi hata mfupa mmoja mzima. Mama alisikiliza akikunja nguo za mjukuu. "Mjinga huyo," alisema mwishoni. "Lakini mbona unamlilia yeye, hulilii kazi?" Bi Ratiba akasema analilia kazi. Mama akakunja nguo nyingine.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi alimwita Fundi. Alikuwa mpole kupita kawaida.

"Ripoti yako ya mwisho. Utaandika kwamba mfumo mpya umegundua udanganyifu wa kikao hewa. Umegundua wenyewe. Umenielewa? Hakuna haja ya kutaja kwamba nilikwenda mahali. Na mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu uko hapa, unangoja saini yangu."

Fundi alitoka na kuteremka ngazi hadi alipomkuta Bi Ratiba ghorofa ya nne, anapanda na faili zake. Gauni la leo lilikuwa jeusi. Akajiegemeza ukutani ampishe, ndipo akasema haraka, kabla hajapitwa:

"Naweza kuifuta kumbukumbu. Nani aliandika kikao, lini, yote. Dakika mbili na hawatakuwa na ushahidi. Sijaigusa. Nifute?"

Bi Ratiba alisimama ngazi mbili juu yake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine, si kuulizwa.

"Usifute," alisema. "Nilikiandika mimi, nitakisemea mimi. Na usinifuate ngazini."

Ijumaa, saa nne, kikao cha nidhamu kilikaa Chumba cha Kwanza. Aliongoza Mama Utumishi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa na kalamu tatu na subira kidogo. Mkurugenzi aliketi kulia. Bi Ratiba aliketi peke yake upande wa pili. Mlango ulipokaribia kufungwa, Mama Pacha akaingia na wenzake wanne, wakapanga viti ukutani.

"Hamkualikwa," Mkurugenzi alisema.

"Sisi ni wajumbe wa kamati inayojadiliwa," Mama Pacha alijibu. "Tumetimiza akidi."

Mama Utumishi aliacha wabaki. Akamgeukia Mkurugenzi. "Mheshimiwa, tuandike kwenye muhtasari. Udanganyifu uligundulikaje?"

"Na mfumo mpya."

"Mfumo ulifanyaje?"

"Fundi ataeleza."

Fundi akasimama mwishoni mwa meza. Alikuwa na karatasi moja.

"Mfumo haukugundua kitu," alisema. "Ulikataa vikao kumi na saba, nami nikavipitisha kwa mkono wangu. Nilithibitisha kwa niaba ya watu kumi na saba bila kumuuliza hata mmoja wao. Mkurugenzi hakuwahi kukubali mwaliko ule, nilimkubalia mimi. Kwa kazi yangu hilo ni kosa kubwa, na kwenye ripoti nimeliandika kwa jina langu. Kilichotokea Jumanne nimekisababisha mimi."

"Kilitokea nini Jumanne?" Mama Utumishi aliuliza, kalamu tayari.

Mkurugenzi alitazama dirisha.

"Mheshimiwa, muhtasari unaningoja. Ulikwenda kikaoni?"

"Nilipita."

"Ukaona nini?"

"Niliona... wajumbe."

"Wakifanya nini?"

"Mama, hayo si lazima yaandikwe!"

"Nitaeleza mimi," alisema Bi Ratiba, akasimama. Sauti ilikuwa kavu. "Andika hivi. Miaka minne iliyopita niliomba chumba saa moja kwa siku, nikajibiwa hakuna nafasi. Barua ninayo hapa. Nikalitumia jina la Mkurugenzi kwa sababu jina langu halikufungua mlango. Nilidanganya, najua nilidanganya, na sitajifanya nilikosea kuandika. Kamati hii imekutana mara mia tisa na themanini. Nenda kwenye vyumba vingine ishirini na viwili ukahesabu vikao vilivyokaa na watu halisi, halafu ndipo unifukuze."

Mama Pacha hakuweza kujizuia. "Na mwenyekiti wetu, vikao mia tisa na sabini na tisa hakutokea. Siku aliyotokea, akakimbia."

Mmoja wa wale wanne akaangua kicheko, kisha wa pili. Mama Utumishi aliinamisha kichwa juu ya karatasi, mabega yakimtikisika. Alipoinua uso alikuwa ameshautengeneza.

Uamuzi ulitoka mchana ule ule. Bi Ratiba alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye kalenda. Atapelekwa masjala, ghorofa ya chini, kwenye faili kuukuu. Chumba cha Nne kitafunguliwa kila siku saa saba, kwa jina lake la kweli, chumba cha kukamulia, kwa barua yenye mhuri. Mkurugenzi aliisaini bila kuisoma. Mkataba wa matengenezo hakuusaini.

Wanawake walimkumbatia koridoni, Mama Pacha akamwaga machozi na kuyalaumu maziwa. Fundi alisimama mbali, akainamisha kichwa kidogo kumwamkia, akaenda kumalizia kazi yake. Bi Ratiba alimwona. Alikuwa na hasira naye mpaka kifua kinauma, na hasira haikupungua kwa sababu tu mtu amesema kweli. Alimkasirikia pia kwa kuondoka.

Wiki mbili zikapita. Mfumo mpya ulifanya kazi vizuri, jambo lililomuudhi zaidi. Masjala palikuwa na vumbi, taa moja inayopepesa na makabati yasiyofunga. Jumatano moja saa sita mchana alikuwa juu ya ngazi ya mbao, leso kichwani, anapanga majalada, aliposikia mlango.

"Nani?"

"Mgeni. Nimeandikishwa getini."

Hakugeuka. "Hufanyi kazi hapa tena. Umefuata nini?"

"Kuuliza."

"Uliza uende zako."

Fundi alisimama katikati ya makabati. Lile bovu kuliko yote lilikuwa mbele yake, bawaba imening'inia, na mkono wake ulikwisha kwenda kwenye skrubu. Akaurudisha mfukoni.

"Kabati hili unataka litengenezwe?"

"Hapana. Ndilo hilo swali lako?"

"La. Nataka kukuoa. Unakubali nikuoe?"

Jalada moja likaanguka, vumbi likatimka. Bi Ratiba akageuka juu ya ngazi, macho makali.

"Una wazimu. Nimekukasirikia."

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka mwakani."

"Nitangoja."

"Nani kakuambia ungoje? Umeshaanza! Unaamua tena bila kuniuliza!"

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa anaogopa waziwazi, na hakujificha.

"Ningoje," aliuliza, "au nisingoje?"

Bi Ratiba alishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, mpaka akasimama chini mbele yake, vumbi kwenye nyusi. Alimtazama kama anayetafuta mahali pazuri pa kumpiga.

"Usingoje," alisema. "Njoo Jumapili. Mama atakutukana kwanza, utulie mpaka amalize. Na usijipulize manukato, mtoto anapiga chafya."